Mzazi wa Chini ya Ukuta

Siku ya kumi na tisa baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza, nikiwa Kigombe kwa wakwe zangu, niligombania uhai wa nge.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na mwalimu akifungiwa ndani siku arobaini bila darasa hugeuka kero. Boriti za dari nilishazihesabu zote. Siku hiyo, kupitia dirishani, nikaona chini ya ukuta wa uani tundu lenye mdomo bapa uliopinda kama mwezi mchanga, na mbele yake kijilima cha mchanga mbichi. Nikafurahi mno. Nikamweleza mama mkwe, kwa kujisifu, kwamba mwenye tundu lile ni nge mchimbaji: hukaa chini kwenye unyevu, hungoja mende wapite mlangoni kwake, na kwa kuwa magando yake ni manene, sumu yake si kali sana.

Mdomo uliponza kichwa. Alichosikia yeye ni nge tu, na mjukuu wake yumo chumbani, hatua chache tu kutoka tundu lile. Maji ya kunikanda yalikuwa yakichemka jikoni. Akaipua sufuria, akachukua na jembe. Nilimsihi dirishani kwamba nge yule habanduki tunduni mwake. Akanijibu kwamba vitabu havijapata kulea mtoto. Nami, kusema kweli, nilimkumbatia mwanangu kwa nguvu zaidi.

Akapiga jembe mara moja, mchanga ukaporomoka. Akainama, akabaki ameinama hata nikadhani ameumwa.

Nge hakukimbia. Alikuwa na watoto mgongoni, weupe pe, wamerundikana kama punje za wali, naye ameinua magando kuwakinga.

Mama mkwe akaweka jembe chini. "Huyu naye mzazi," akasema. "Na mzazi hatolewi nje kabla ya arobaini."

Akalifunika tundu kwa gae la mtungi, akaacha upenyo, akarudi ndani na sufuria yake. Maji yote yakaishia mgongoni kwangu, nikapiga mayowe huku nacheka.

Sikumwambia kwamba watoto wa nge hushuka mgongoni mapema, kabla ya hiyo arobaini. Kila asubuhi alimwangalia mjukuu wake, kisha akaenda kuchungulia gae.

Siku ya kutolewa, nimepakwa hina, wageni wamejaa barazani, alinipitisha kwanza ukutani. Akaliinua gae kwa kijiti. Pembeni mwa tundu kubwa palikuwa na vijitundu viwili vidogo, vyenye midomo bapa vilevile.

"Wametoka," akasema, akapiga kigelegele. Wageni barazani wakaitikia, wakidhani ni changu.