Mama Hakuonja

Nilipokuwa mtoto kule Makere, watu walikuwa na tabia ya kumtazama mama yangu mdomo. Si kwamba alikuwa na mdomo wa ajabu. Walikuwa wanangoja aonje. Kwetu Uha, mpishi akimletea mgeni chakula au kinywaji, huonja kidogo mbele yake ndipo amkabidhi. Ni adabu, lakini tusidanganyane, ni adabu iliyozaliwa na hofu ya sumu. Kwa wanawake wengine lilikuwa jambo la kupita tu, mtu anaonja huku anapiga soga. Kwa Mama, tangu Baba alipofariki, ilikuwa kesi.

Baba alifariki mwanzoni mwa mvua. Jioni ile tulikuwa tumekula uyoga, sisi watatu, bakuli moja. Usiku tumbo likamkata, kulipokucha wakampakia kwenye baiskeli hadi barabarani, wakapata gari la kumfikisha Kasulu. Hakurudi hai. Daktari alisema kidole tumbo kilipasuka. Sasa niambie, nani Makere aliwahi kukiona kidole tumbo? Uyoga waliujua.

"Lakini mkewe naye alikula," Bibi, mama yake Baba, akasema palepale msibani. "Na huyu mtoto alikula." Nilikuwa nimekaa mapajani mwake, nilisikia kila kitu.

Aliyemjibu ni Baba mkubwa Zabroni, kaka yake Baba. "Mlozi huweka kinga chini ya ulimi, Mama. Kuonja kwake si kitu. Anaweza kuonja chungu kizima asidhurike. Na mtoto wake amemlambisha hiyohiyo kinga."

Nimesoma, nimeolewa, nimezaa, na neno hilo sijalisamehe mpaka leo, wala sina mpango. Maana Baba mkubwa hakuwa na uchungu wa ndugu. Alikuwa na uchungu wa shamba. Shamba letu la migomba na maharage lilipakana na lake, na Mama hakuwa na mtu Makere, kwao ni Busunzu, kule Kibondo. Ukoo ukikubali kwamba ni mlozi, angerudishwa kwao na kapu lake la nguo, na mimi, kwa kuwa ni damu ya ukoo, ningebaki kulelewa na Baba mkubwa. Haya hayakusemwa kwa kificho. Yangeamuliwa siku ya kumaliza msiba, mwaka ukizunguka.

Mwaka huo hakuna mtu aliyekula kwetu. Watu walipita njiani, wakaamkia, "Mwakeye," Mama akawakaribisha, wao wakakumbuka ghafla kwamba wameacha mbuzi hajafungwa. Kila mtu alikuwa na mbuzi. Shuleni nilikuwa nikibeba viazi vya kuchemsha na kula peke yangu, na siku moja msichana wa darasa langu akaniambia eti mama yako ana dawa chini ya ulimi, ndiyo maana hafi.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Mama anatwanga kisamvu. Nikamwambia vilevile nilivyoambiwa. Akauweka mchi kando, akachuchumaa mbele yangu, akafungua mdomo na kuunyanyua ulimi.

"Tazama," akasema, ulimi ukiwa juu, neno likatoka vibaya. Nikatazama. Aliponiona nimemaliza, akafunga mdomo. "Umeona nini?"

"Mshipa. Na mate."

"Basi. Shika mchi."

Tangu siku hiyo sikumtazama tena mdomo, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa jikoni. Mama alinifundisha kupika kama mtu anayefundisha ukoo mzima kwa kumpitia mtoto mmoja. Kisamvu hutwangwa mpaka kisahau kuwa ni majani. Mawese hayamiminwi kabla hayajapashwa, yatabaki na ladha ya dumu. Maharage yasitiwe chumvi mapema. Mwishoni kabisa alinipa mwiko nilambe. "Vipi chumvi?" angeuliza, na nikisema haitoshi, aliongeza bila kubisha. Hakuna mtu mzima mwingine aliyekuwa akinisikiliza mwaka ule. Tulikaa sisi wawili kwenye mafiga, moshi unatutoa machozi, na ukitoa machozi ya moshi huna haja ya kueleza mengine.

Ila msidhani ulikuwa upole mtupu. Mama alipika kwa hasira. Nyumba ya Baba mkubwa ilikuwa ng'ambo ya njia, upande unakoelekea upepo wa jioni. Mama alisubiri upepo huo. Ukianza tu, anakata vitunguu vingi kuliko tulivyohitaji, anavimimina kwenye mawese ya moto, kisha ananiambia, "Pepea moto, Edita. Harufu imfikie baba yako mkubwa pale alipo na ugali wake wa dagaa walioungua." Mimi napepea kwa kifuniko cha sufuria mpaka mkono unauma. Mke wa Baba mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa hajui kupika kabisa. Tulimwona mumewe amekaa barazani, pua juu, anameza mate. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha kwanza kila jioni.

Mtu mmoja tu alikula kwetu, mama wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyekuwa akipita kubadilisha sabuni kwa ndizi. Majirani walimwonya. Akacheka mpaka mzigo ukamtoka kichwani. "Miye nilikimbia masasi ya vita, nitaogopa sombe?" Akaketi akala kisamvu chetu, ambacho kwao ndiyo sombe, akakomba bakuli kwa kidole. Mama aliingia ndani akakaa huko kwa muda. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na siku hiyo hatukupika kitu.

Bibi naye hakuwa akila kwetu, nisimpambe. Alikaa nyumba ya kwake nyuma ya migomba, katikati ya mwanawe na mkamwana wake, amenyamaza. Lakini alikuwa na neno lake moja la wazee, na alilirudia kila Baba mkubwa alipofika kumsalimia: "Anayemzulia mpishi sumu, siku akila chakula cha mpishi huyo, tumbo litamkataa." Baba mkubwa alilicheka. Mimi nililishika. Usiku nililala nikimwomba Mungu tumbo limkatae Baba mkubwa, na nikiongeza, kwa kuwa mtoto hajui mipaka ya maombi, limkatae mbele za watu.

Mvua zikarudi, siku ya kumaliza msiba ikafika. Alfajiri Mama akanigusa bega. "Amka tukachume uyoga."

"Uyoga? Leo?"

"Leo."

Tukaenda mpaka porini, kwenye vichuguu, umande unatulowesha miguu. Aliuchuma mmojammoja, ule mkubwa mweupe tunaoujua, akiugeuza na kunionyesha chini ya kofia kabla ya kuuweka kwenye kapu. Jikoni alipika kila kitu kwa jicho. Nilipounyoosha mkono kuchukua mwiko nilambe, akauondoa.

"Leo usionje. Na mimi sionji."

"Na chumvi ikiwa haitoshi, Mama?"

"Watakula hivyohivyo."

Walikuja wengi. Wazee wa ukoo, mzee wa kanisa, wanawake na vitenge vyao vya msibani. Wakakaa kwenye mikeka uani. Mimi nilijua, na Mama alijua, kwamba Baba mkubwa alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwaambia: nendeni, kaeni, msile. Chungu cha mjane kikirudi kimejaa, hapo ukoo umeshasema. Mzee wa kanisa aliomba, watu wakaitikia amina, hakuna aliyenawa mikono.

Mama akatoka na sinia. Ugali wa muhogo, na bakuli la uyoga uliozama kwenye mawese na karanga. Akapiga magoti mbele ya Baba mkubwa, maana ndiye mkubwa wa marehemu, akaliweka. Kisha akasimama, akarudi nyuma hatua moja.

Baba mkubwa akamtazama mdomo. Watu wote wakamtazama mdomo.

"Onja, shemeji," Baba mkubwa akasema.

"Sionji."

Mawe, mama wee! Niliona wanawake wakishikana mikono. Mpishi kukataa kuonja kwetu ni sawa na kukiri. Baba mkubwa akageuka kwa watu, uso umemng'aa. "Mmesikia wenyewe! Si niliwaambia?"

"Uliwaambia," Mama akasema. Hakupaza sauti. "Uliwaambia nina kinga chini ya ulimi. Uliwaambia naweza kuonja chungu kizima nisidhurike. Sasa nikionja, itakusaidia nini, shemeji? Ulishaifuta mwenyewe. Kama mimi ni mlozi, kuonja kwangu ni bure. Kama si mlozi, unaogopa nini? Karibu. Kula."

Kisha nyuma kabisa mzee mmoja akaguna, halafu akacheka kwa puani, akasema, "Ni kweli bwana, Zabroni ulisema hivyo. Ulinambia mimi."

"Na mimi," akasema mwingine.

Hapo ndipo Bibi alipoinuka. Alitembea polepole na fimbo yake, akaketi karibu na mwanawe, akamwita mtu amnawishe. Akamega ugali kwenye sinia la Baba mkubwa, akachovya kwenye bakuli lilelile, akatafuna bila haraka, akameza. "Chumvi kidogo tu imepungua," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Desturi unaijua. Asiyekula chakula cha kumaliza msiba hana neno tena katika mambo ya marehemu. Si mke, si mtoto, si shamba. Usile kama hutaki. Lakini unyamaze mpaka kaburini."

Alikwama. Akila, mbele ya ukoo mzima amekisafisha chungu cha Mama kwa mdomo wake mwenyewe. Asipokula, amejitoa. Nilimwona akipiga hesabu na tamaa ikamshinda, maana shamba alilitaka bado. Akanawa. Tonge la kwanza alilimeza bila kutafuna, na jasho likaanza kumtoka kwenye kipaji cha uso, na hapakuwa na jua siku ile, mawingu matupu.

Mama akachukua upawa. "Ongeza, shemeji," akasema kwa adabu zote, akamjazia bakuli. Angekataaje? Mgeni haongezewi akakataa mbele za watu. Akala. "Ongeza, shemeji. Ushibe." Akajaziwa tena. Watu nao sasa wakawa wananawa, mikeka yote ikaanza kula, harufu ile waliyoinusa mwaka mzima wakaipata mdomoni, na wakala kweli, asikwambie mtu. Mama hakuwatazama hao. Alimtazama Baba mkubwa tu, upawa mkononi.

Kwenye bakuli la tatu Baba mkubwa akashika tumbo. Akainuka. Akatembea kidogo, kisha akakimbia kuelekea migombani, na chooni hakufika. Sitasema zaidi, ila sauti ilifika uani.

"Mkuki kwa nguruwe," mzee wa kanisa akaanza, na uani kote wakamalizia kwa kicheko. Hakuna mwingine aliyeumwa, na wote walikula chungu kimoja. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, halafu aibu ikaisha nikafurahi tena.

Shamba likabaki letu, na mimi nikabaki na Mama. Baba mkubwa hakufungua mdomo tena kuhusu jambo hilo. Watu wakaanza kuja kula, na Mama aliwapikia vizuri, lakini hakumwonjea mtu yeyote tena maisha yake yote. Anayetaka ale, asiyetaka akamfunge mbuzi wake.

Nimewahi kumsimulia mganga wa zahanati kisa hiki. Akaniambia hofu peke yake hulegeza tumbo, hasa ikipata mawese mengi. Sawa. Bibi alisema litakataa, likakataa. Sioni yeye na Bibi wanagombania nini.

Sasa nina mgahawa mdogo Kasulu, karibu na stendi. Juzi aliingia mzee mwenye fimbo, ametoka hospitali, anangoja gari la kumrudisha Makere. Alikuwa ameketi kabla hajajua ni kwa nani. Aliponiona akataka kuinuka. "Karibu, Baba mkubwa," nikasema, nikamletea wali na maharage, nikaweka mezani, nikasimama. Akanitazama mdomo. Baada ya miaka yote hiyo, bado! Nikaufunga kabisa. Akachukua kijiko, akala. "Ongeza, Baba mkubwa," nikasema. Nimeambiwa sana kanisani kuhusu kusamehe, nasikia vizuri, masikio hayana tatizo. Lakini yule alitaka kunifundisha nimwogope mama yangu kila anaponipa chakula, na alibakiza kidogo tu afaulu.

Mama anakaa nami siku hizi, macho yamefifia. Jioni nikamweleza.

"Ulimwonjea?" akauliza.

"Sikumwonjea."

"Ukamwongezea?"

"Mara mbili."

Akacheka taratibu, mabega yakimtikisika. Kisha akanyoosha mkono, nami nikamwekea bakuli lake la uyoga mapajani. Akala bila kunitazama mdomo.