Nilimpitishia Somoe Kazi Bila Kuisoma

Jamani, nimekosa, tena kosa la kizembe kabisa! Nalileta kwenu kwa sababu ofisini nimeshaomba radhi mpaka wamenichoka.

Natengeneza programu za kompyuta. Ofisi yetu iko ghorofani Kariakoo, na wateja wetu wengi ni maduka ya jumla. Kwetu huingizi kazi yako kwenye mfumo wa mteja mpaka mwenzako aisome, aikague, aipitishe.

Basi mkaguzi kipenzi cha watu nilikuwa mimi! Ukiniletea kazi, hujakaa nimeshaandika: "Safi, pitisha!" Wakanibatiza Dada Pitisha, nami nikavimba kichwa. Nilidhani huko ndiko kupendana.

Somoe alikuwa mgeni, bado yuko kwenye majaribio. Akaandika sehemu ya kuzuia mzigo ulioshawekewa oda usiuzwe kwa mtu mwingine. Akanifuata mezani.

"Dada, hapo katikati sina uhakika. Naomba uniangalizie."

"Usijali mdogo wangu, uko vizuri!" Nikapitisha huku natafuna mihogo. Hata hapo katikati sikufika!

Jumamosi, duka moja la vitenge likawauzia akina mama wawili majora yale yale ya mwisho. Harusi mbili, sare moja! Kila mmoja kashika upande wake anavuta, mwenye duka anatupigia simu anakaribia kulia. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikacheka mpaka nilipomwona Somoe anakusanya vitu vyake. Bosi alishamwambia asirudi.

Na hakunitaja! Nilisikia vibaya, jamani, acheni tu.

Nikaingia kwa bosi. "Aliniomba nimwangalizie. Mimi ndiye sikusoma." Nikasemwa nikasemeka. Somoe akarudishwa, ila majaribio yake yakaanza upya. Mtoto wa watu, kwa uvivu wangu!

Juzi kamaliza kazi nyingine. Nikamwita kwa mbwembwe, "Lete mdogo wangu, safari hii nasoma kila mstari."

Akatabasamu kwa adabu. "Asante dada, nimeshampa Juma."

Juma! Yule tunayemwita mnoko kwa sababu maswali yake hayaishi! Nilitamani sakafu inimeze.

Nyie mnaopitisha kazi za wenzenu ili muonekane wazuri, acheni! Mtu akikwambia hana uhakika, weka mihogo pembeni usome. Mwoneshe alipokosea, hata akinuna. Kununa kunaisha. Mimi Somoe hajaninunia hata siku moja. Ananisalimia, tunataniana, chai ananiletea. Kazi yake ndiyo haniletei tena.