Eda inakwisha, na waya wa studio bado umepita ukutani

Admin, ficha jina langu, mji wetu mdogo. Nina miaka thelathini na mitatu, naishi Kanyenye, Tabora. Kazi yangu ni kurekodi nyimbo za harusi na kaswida. Studio hii tuliianzisha nyumbani mimi na mume wangu.

Kompyuta yangu ni dhaifu, haibebi wimbo mzima. Kwa hiyo tuliiunganisha na yake kwa waya. Mimi narekodi na kupanga ala, sauti zinakwenda kwake kusafishwa na kutiwa mwangwi, zinarudi kwangu hapo hapo. Feni ya mashine yake ina kelele kama kinu cha kusaga, ndiyo maana tuliiweka chumba cha pili na kutoboa ukuta kupitisha waya.

Wateja walipoanza kusema "twende kwa Mama", mwenzangu akanuna. Maneno yakazaa maneno, akanipa talaka moja. Akahamia chumba hicho cha pili na godoro lake. Mimi nikabaki humu kukaa eda, kama dini inavyotaka. Waya hakuna aliyeugusa.

Jamani, nimechoka. Salamu hanipi, chakula changu hali. Lakini kila asubuhi nikiamka nasikia feni inaunguruma, ameshaniwashia mashine. Moyo wangu mjinga ukawa unafarijika kwa feni!

Shangazi yangu alipokuja nikamweleza. Akaguna. "Mwanangu, mume akitaka kumrejea mke anasema. Waya haumrejei mtu."

Juzi akabisha mlango, mara ya kwanza tangu tuachane.

"Mama Nanihii, wimbo wa yule bi harusi umeisha?"

"Bado."

"Malizia basi. Ijumaa nahamia Igunga na mashine yangu. Nilikuwa nakungoja wewe tu."

Ijumaa hiyo ndiyo eda yangu inakwisha, na ikikwisha hawezi tena kunirejea bila ndoa mpya. Nilifunga mlango nikalia.

Sasa sikilizeni kinachoninyima raha. Zile sauti zikishasafishwa naweza kuzihifadhi moja kwa moja kwenye kompyuta yangu, nisihitaji tena ya kwake. Ningeweza kufanya hivyo zamani, wala si kazi ngumu. Na yeye anajua, maana ndiye aliyenifundisha. Anajua kabisa sina haja ya kungojwa, na bado amengoja. Mimi nami wimbo nimeumaliza, nimedanganya.

Kurejea ni neno la mume. Nikianza mimi, mtaa mzima utasema nimejipeleka. Nikinyamaza, Ijumaa anapakia vitu vyake kwenye basi, na mtoto wetu ataniuliza baba yuko wapi.

Ninapoandika hapa feni inaunguruma, na leo sina kazi yoyote ya kurekodi. Nishaurini ndugu zangu, nimgongee ukuta, au nichomoe waya?