Jinsi Nilivyoikimbiza Kompyuta ya Ofisi

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Naogopa radi, naogopa mbwa, naogopa hata kugonga mlango wa mkubwa. Kwa hiyo ukiniuliza ilikuwaje nikaifungua kompyuta ya ofisi kwa bisibisi ya kuazima, jibu ni moja: niliogopa zaidi kupunguzwa kazi.

Ilikuwa miaka ile ya kupunguza wafanyakazi. Ofisini kwetu Dodoma tulikuwa wanawake watano wa kuchapa: wanne na taipu zao, na mimi niliyepelekwa kozi Dar es Salaam nikarudi kuketi mbele ya kompyuta pekee tuliyokuwa nayo. Ilikuwa goigoi, jamani! Ukiiambia ijumlishe takwimu za mavuno za wilaya zote, unakwenda kunywa chai, unarudi, bado inawaza. Siku moja mkubwa wetu akasimama nyuma ya kiti changu. "Ripoti isipokuwa tayari kabla Bunge halijaanza, kazi naihamishia Dar, na mashine inakwenda nayo." Ikienda, mimi nabaki na nini? Nyumbani watoto watatu, na mume keshapunguzwa kiwandani.

Nikamkimbilia shemeji yangu, fundi redio pale mjini, ambaye siku hizo alishaanza kuchokonoa kompyuta. Kwanza akanicheka. "Shemeji, na uoga wako huo!" Kisha akanieleza kwamba ndani mna kidude kidogo kama punje ya mchele, wenyewe hukiita jampa. Ukikihamisha, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inakimbia kuliko ilivyopangiwa na kiwanda.

"Ila itachemka," akasema. "Ikichemka inakosea hesabu, halafu inaganda. Ikizidi inaungua, na hapo mimi sikujui."

Nilifanya saa ya chakula, wenzangu wako kwa mama ntilie. Nikaifungua, nikakibana kile kidude kwa kibano changu cha nyusi. Nikahamisha, nikawasha. Skrini nyeusi. Mungu wangu! Nilijuta kuzaliwa. Nikakumbuka shemeji alivyosema nisiparamie, nipande ngazi mojamoja, nikakirudisha kidude nafasi moja nyuma. Ikawaka. Nikaiacha ubavu wazi, nikaielekezea feni ya mezani, nikaiamuru ifanye jumla ileile mara kumi. Majibu yakafanana yote kumi, na chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Tangu hapo sikupata raha. Feni ikibadilisha mlio, moyo paa! Umeme ukiyumba, naanza sala. Siku ya tatu nilitoka kwenda msalani, niliporudi nikaikuta imefunikwa gubigubi kwa kitambaa cha kufuma, kilichozuia hata upepo wa feni. Aliyeifunika ni mama mmoja wa Kongwa, mkubwa wetu kwa umri katika chumba kile, mwenye kufuma vitambaa vya kila redio na kila kabati.

"Vumbi la huku litaiua, mwanangu," akasema. "Nimekufumia."

Nikakivuta kitambaa. Imeganda, na bati lake la moto kama kikaango.

"Nani kakutuma?" nikamfokea. Mtu ninayempa shikamoo kila asubuhi! Yeye akasema tu, "Nisamehe, mwanangu."

Ilipopoa ikawaka, lakini kazi ya nusu siku ilikuwa imepotea, na sikujua ni tarakimu zipi zimeshavurugwa na joto. Sasa nani wa kunisaidia kuhakiki? Yuleyule mama. Alivuta kiti, akavaa miwani, akanisomea fomu moja baada ya nyingine, Dodoma, Mpwapwa, Kondoa, mpaka sauti ikamkauka. Ripoti ilikamilika siku mbili kabla ya wakati.

Mkubwa alifurahi hadi akanipa mkono. Wiki iliyofuata akaniita, akafunga mlango, akanipa orodha ya kuchapa. Nilishuka nayo roho mkononi nikitafuta jina langu. Halikuwamo. Yalikuwamo manne, ya wenzangu wote wa taipu.

"Kwa kasi ile," akasema, "mashine moja inatosha."

Ningeweza kumwambia. Ningesema, mzee, kasi ile si yake, nimeilazimisha, na inaweza kufa kesho. Badala yake nikachapa orodha, kisha nikachapa na barua zao za kupunguzwa kazi.

Siku walipozipata, yule mama alikuja mezani kwangu na yake mkononi.

"Na wewe umo?"

"Simo, mama."

Akanishika mikono yote miwili. "Bwana asifiwe. Nilikuombea, una watoto wadogo."

Nikaitikia amina. Sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa yeye dakika ile, nikisubiri aniulize ripoti iliwezaje kwisha upesi vile. Hakuuliza. Alirudi kwenye meza yake, akaanza kukunja vitambaa.