Farasi Asiyetaka Mtu Mgongoni

Leo nimemenya chungwa karibu na hita, na harufu ya ganda lililopata moto imenirudisha kwenye fleti yetu ya Takoma Park, Marekani, majira yale ya baridi bibi alipokuja kutoka Tanga kukaa nasi, akawa anaanika maganda ya machungwa juu ya hita. Nilikielewa Kiswahili chake, lakini nilikuwa nikimjibu kwa Kiingereza asichokijua, basi tukawa tunashinda kimya.

Alasiri moja, theluji ikianguka, tulitazama filamu kuukuu ya kauboi, isiyo na rangi, sauti yake ikikwaruza kama mvua juu ya bati. Wanaume walishindana kupanda farasi wakali, na kila mmoja alirushwa, akaelea kidogo hewani, kisha akapotelea vumbini.

"Huyo farasi ana nini, mjukuu wangu?" bibi aliuliza.

Niliyatafuta maneno ya Kiswahili. "Hataki," nikasema. "Hataki mtu mgongoni."

Bibi alinigeukia, akapunguza sauti ya televisheni mpaka ikaisha.

"Ehe," alisema, akinivuta ndani ya khanga yake. "Na yule mwenye kofia kubwa? Hebu nieleze."

Nikaeleza, nikikosea na kuendelea, mpaka mama aliporudi kutoka kazini. Alisimama mlangoni na koti lake, theluji ikiyeyuka mabegani, akatusikiliza bila kuingia, asije akatukatiza.