Mafundo Sita kwenye Bariyeri

Wakati ule nchi yetu ilipowekewa vikwazo vya biashara, petroli iliuzwa kwa chupa, na gari la wagonjwa lilikuwa kama mvua ya mwezi wa saba: ukiliona unaita majirani. Majeruhi wetu walisafiri kwa mkokoteni, na mimi, muuza vitenge niliyefundishwa huduma ya kwanza kwa siku sita, nilitembea kando nikijiona daktari.

Siku hiyo mpakuzi mmoja wa maghala ya Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, baba wa kilo zisizopungua tisini, alianguka kutoka juu ya lori la sukari. Muundi ukavunjika. Wenzake walitaka kuuvuta mguu “urudi mahali pake”. Nikawakatalia: mguu si kitenge, hauvutwi ukanyooka. Nilichukua mbao mbili, nikazivika nguo kuukuu, nikaufunga mguu katikati yake kwa vitambaa, kutoka pajani hadi kupita kisigino. Mafundo sita, hakuna hata moja juu ya palipovunjika. Nikabonyeza ukucha wa kidole gumba: ukawa mweupe. Nikaachia: ukarudi rangi yake. Damu inapita. Nikabonyeza tena, maana mimi hata watoto wangu walipozaliwa niliwahesabu vidole mara mbili.

Wenzake wawili wakasukuma mkokoteni kuelekea hospitali. Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, askari akatusimamisha. Mbao ndefu, nguo nyingi, mtu amelala: miaka ile bunduki zilisafiri kwa ujanja zaidi ya huo.

“We mama, mu hizo mbao kuko nini?”

“Kuko muguu, afande.”

“Muguu gani murefu hivi?”

“Uliza mama yake. Mi nimefunga tu.”

“Fungua yote.”

Hapo utani ukaniisha. Ukifungua yote, mfupa unacheza ndani, na mfupa uliovunjika ni kisu. Mpakuzi wa mguu mmoja hapandi lori.

“Afande, ni mafundo sita. Nikupatie moja.”

“Tano.”

“Tano! We unanunua muguu ama unaangalia? Moja, ya juu kabisa, kwa paja. Nzuri sana ile.”

“Apana. Tatu.”

“Moja, na mukono unaingiza, unapapasa mpaka uchoke.”

Mgonjwa akainua kichwa. “Mama, muguu si yangu? Hamuniulize?”

“Nyamaza, baba, tunaelewana bei.”

Askari akafikiri. “Sawa, moja. Lakini si ile ya paja. Kitu muuzaji anakusukumia mbele ndiyo imeoza. Nataka hii ya chini, kwa kifundo cha muguu.”

Nikajua nimekutana na mtu wa sokoni mwenzangu. Nikaushika unyayo kwa mikono miwili usiyumbe, naye akafungua. Ndipo nilipoisikia baridi. Vidole vilikuwa kama samaki mukeke wa jana. Nikabonyeza ukucha: mweupe. Nikaachia: mweupe bado.

“Baba, unasikia nikigusa hapa?”

“Unagusa wapi?”

Mguu ulikuwa umevimba njiani, na mafundo yaliyokuwa sawa kule ghalani sasa yalikuwa yanaunyonga. Nilibonyeza ukucha mara mbili, ndiyo, lakini zote mbili kabla ya kuondoka.

“Afande, shika kisigino. Usitikise.” Nikalegeza la pili, nikaenda la tatu.

“We mama! Nilisema moja!”

“Shika!”

Akashika, bunduki mgongoni, foleni ya baiskeli ikirefuka nyuma yetu. Nikalegeza na kufunga upya yote mengine ya chini ya goti, moja moja, mpaka kidole changu kikapita chini ya kila kitambaa. Kisha tukangoja, tunalikodolea gumba la mpakuzi kama redio saa ya habari.

Ukucha ukarudi rangi, taratibu. Mgonjwa akapiga yowe: “Aïe! Nani ananichoma sindano kwa vidole?” Sijawahi kufurahia yowe la mtu kama lile.

“Naachia?” askari akauliza kwa sauti ndogo.

“Bado ile yako ya kifundo. Ulifungua, utafunga.”

Alifunga mara tatu ndipo nikamkubalia.

Mguu ulifika hospitali una joto. Mgonjwa mwenyewe aliapa njia nzima kwamba aliyemponya ni askari, na kwamba mimi nilikuwa namkataza afande asifungue.