Farasi wa Mbele ya Sinema

Mama Cheche aliachiwa karakana ya kuchomelea vyuma na marehemu mumewe, na kwa miaka kumi na minne akawa anatengeneza mageti, madirisha na vitanda vya mabweni. Jina hilo alipewa na majirani kwa cheche zilizokuwa zikiruka mlangoni kwake kutwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimwuliza geti litakuwa tayari lini, alikutajia siku, na siku hiyo ulilikuta limeegemezwa ukutani likikusubiri.

Manispaa ilipoamua kuupamba mtaa wa burudani, ule wenye sinema, ukumbi wa dansi na mikahawa iliyopanga meza mpaka barabarani, ilitaka farasi wa chuma asimame mbele ya sinema. Kwa nini farasi, hakuna aliyeeleza. Mji mzima haukuwa na farasi hata mmoja. Kazi alipewa Mama Cheche, pamoja na picha iliyokatwa kwenye kalenda.

Alimuunda kwa nondo, mabati na minyororo ya baiskeli. Kichwa kilimtoka vizuri mno. Taabu ilikuwa miguu: mara mbili alimsimamisha, mara mbili miguu ikapinda kwa uzito. Siku ya uzinduzi ilikuwa imeshatangazwa, basi akaikata, akaifanya mifupi na minene, akaichomelea upya. Farasi akasimama imara kama kabati.

Kitambaa kilipovutwa, watu waliangua kicheko. Kuna waliosema farasi amepiga magoti, na kuna waliosema ni kochi lenye kichwa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimfuata karakanani jioni ileile.

"Shemeji, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alimwambia. "Hiki chako hata kutembea hakiwezi."

Akaongeza kwamba karakana ile bado ina jina la kaka yake mlangoni. Mama Cheche aliendelea na kazi yake. Ila tangu siku hiyo aliacha kupita mtaa ule. Akienda sokoni alizungukia nyuma ya posta, njia ndefu mara mbili, na akiulizwa alisema anapenda kunyoosha miguu.

Ikapita miaka mitatu. Ndipo afisa mpya wa manispaa alipokuja kumweleza, kwa adabu zote, kwamba mji umeagiza farasi wa shaba, na huyu wa zamani ataondolewa Jumanne. Kwa kuwa yeye ndiye aliyejua maungio yake, aliombwa aje kumkata. Alikubali palepale. Baadaye alimwambia dada yake kwamba alijisikia kama mtu anayekwenda kung'olewa jino bovu.

Jumanne saa mbili asubuhi alifika na mashine yake ya kukatia. Mtaa wa burudani huchelewa kuamka, naye alitarajia kukuta wafagiaji tu. Alikuta watu kama thelathini wamemzunguka farasi, na mkata tiketi wa sinema, mama mnene mwenye miwani, amekaa mgongoni.

"Umekuja kufanya nini, fundi?" mkata tiketi akamwuliza.

"Kukata."

"Basi hapa nilipo sishuki."

Mpiga tarumbeta wa ukumbi wa dansi alijitokeza kumwelewesha. Alisema farasi wa shaba wamejaa kila mji, na wote ni wa kutazamwa tu. Huyu ni mfupi, hata bibi mwenye magoti mabovu anampanda. Hapa ndipo watu wanapongojana kabla ya filamu, na yeye mwenyewe alimwona mkewe kwa mara ya kwanza akiwa amekaa papo hapo, anafunga kiatu.

Mama Cheche alimtazama farasi. Mgongo ulikuwa umesuguliwa na makalio ya watu mpaka unang'aa. Hakuwahi kuuona hivyo.

"Ni mimi niliyemtengeneza," akasema.

Mkata tiketi akasogea nyuma kidogo, akapiga pale mbele kwa kiganja. "Njoo ukae."

Akaweka mashine chini, akakaa. Afisa alipofika na kumwuliza kazi inaanza saa ngapi, aliteremka, akachungulia chini ya tumbo, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Leo sikati," alisema. "Lakini hapa pana ufa, mtu ataumia. Nitafutieni umeme."

Umeme ulivutwa kutoka chumba cha tiketi, mashine ya kuchomelea ikaletwa kutoka karakanani, naye akauziba ufa watu wote wakiwa wamegeuza nyuso wasiumizwe macho na mwanga.

Afisa alipiga simu nyingi siku ile. Mwishowe farasi wa shaba alipelekwa mbele ya ofisi za manispaa, akazungushiwa uzio. Mwaka uliofuata watu wa mtaa waliomba farasi wao apate mtoto. Safari hii Mama Cheche alijua la kufanya, akamtengenezea miguu mirefu iliyonyooka sawasawa. Wakalalamika kwamba hakufanana na mama yake.

Shemeji hupeleka wageni pale kila wakimtembelea, na huwaambia farasi ni kazi ya karakana ya kaka yake. Mama Cheche humwacha aseme. Siku hizi akienda sokoni hupitia mbele ya sinema, na mkata tiketi akimwona humwita ndani. Filamu ya kwanza aliyoingia alilala kabla haijafika nusu, akaamshwa taa zilipowashwa.